Goli la Mashamba na Goli la Gare

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, ambaye katika Kitabu chake ametaja kusikia kabla ya kuona, na amenijalia kufika uzee nikiwa bado na vyote viwili. Namshukuru kwa njia aliyoninyooshea na kwa watu aliowaweka juu yake.

Sababu ya safari hii ni jirani yangu wa Mutshatsha, Tata Ngoie. Kiwanja chake na changu vinatenganishwa na ua wa matete. Yeye ni Mkatoliki, alifanya kazi ya reli. Mimi ni Mwislamu, wazazi wangu walikuja kutoka Maniema kuuza vitambaa. Ugonjwa wa sukari ulimchukua macho yake, na tangu hapo redio ilikuwa dirisha lake.

Kwa miaka mingi, kila Jumapili mchana, tulikuwa tukisikiliza kwake mpira uliotangazwa na redio moja ya Kolwezi. Mtangazaji hakusema kulia wala kushoto. Alisema goli la Mashamba, yaani lile linaloelekea kwenye mashimo ya shaba yenye jina hilo, na goli la gare, lile linaloelekea stesheni ya treni. Basi nasi tuliweka matofali mawili mawili katika kiwanja cha Tata Ngoie, Mashamba upande huu na gare upande ule, na kila mshabiki alikaa nyuma ya goli la timu yake. Baada ya mapumziko timu zilipobadilishana upande, sisi pia tulibeba viti tukahama, tukitaniana katikati ya kiwanja. Wageni walituona wendawazimu.

Kisha redio ikaacha kutangaza mpira. Saa ile sasa wanapiga muziki. Matofali yalibaki mahali pake, kuku wakayazoea.

Mwaka huu Banza, mtoto wa mwisho wa Tata Ngoie, alikuwa golikipa wa timu moja ya Kolwezi. Baba yake hakuwa amewahi kumsikia akicheza.

"Anapigaka telefone kila Jumapili," aliniambia. "Papa, tulicheza muzuri. Kila Jumapili muzuri! Kuko timu gani ya vile? Mi nataka nisikie mupira yote, na mabaya yake."

Nilikuwa na safari ya kumwona binti yangu huko Dilala, ndani ya Kolwezi. Tata Ngoie akaniomba nifike kwa watu wa redio, niwasihi watangaze mechi ya Jumapili hiyo tu. "Bakikataa," akasema, "we njo utaniangalilia," yaani mimi ndiye niwe macho yake.

Alhamisi asubuhi niliondoka. Treni haikuwa na siku maalumu, hivyo nilipanda lori la Saidi, mtoto wa mdogo wangu, anayepeleka makala, yaani mkaa, mjini. Magunia yalikuwa yamefungwa hadi juu ya kichwa cha gari. Njia ilikuwa kavu na mashimo yake yalionekana mapema, jambo la kushukuru. Saidi alikuwa anapiga nyimbo alizoweka mwenyewe.

"Redio ya gari hii inakamata Kolwezi?" nikamwuliza.

"Inakamata, baba mukubwa. Lakini ya nini? Mupira yote iko mu telefone. Jana niliangalia ya Ulaya."

"Na ya Kolwezi?"

Akacheka. "Ile mutu anaendaka ku stade."

"Na asiyeona?"

Baada ya kilima Saidi alipunguza sauti ya nyimbo zake, nasi tukaendelea hivyo hadi mjini.

Kuingia Kolwezi kulichukua muda, kwa kuwa malori ya madini yalikuwa yamepanga mstari mrefu na pikipiki za abiria zilipenya katikati yake kama maji. Dilala nyumba za zamani za kampuni bado zinafanana, ila kila mwenye nyumba ameongeza chumba upande anaotaka. Binti yangu alinipokea kwa bukari, ugali wetu wa huku, na samaki. Nilikula nikamshukuru Mungu, nikalala.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, nilikwenda kwenye redio. Mkuu wake, Mama Odette, alinipa kiti chake na yeye akakaa juu ya kreti. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Tata Ramazani, unafikiri mi sipendi? Zamani benye maduka balikuwa banalipa matangazo juu ya mupira. Leo banaweka picha yao mu telefone. Mi natuma mutu ku stade na nini? Na mafuta ya jenereta? Tena tuliuliza: nani anasikiliza? Tukakuta ni bazee tu."

"Sisi ndio hao," nikasema.

Alicheka, kisha akatazama chini. Sikuwa na neno la kumlaumu. Aliponisindikiza hadi mlangoni, alinielekeza kwa Tata Kaumba, mtangazaji wa zamani, ambaye sasa huuza mayunite, yaani salio la simu, karibu na soko la Dilala.

Jumamosi nilimpata. Alikuwa amenipa mgongo chini ya mwavuli, akimwambia mteja arudie namba yake. Nilimjua kwa sauti kabla hajageuka. Mwili wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani.

Nilimwomba atangaze mechi ndani ya simu yangu, kwa ajili ya Tata Ngoie.

"Hapana, tata. Mi nilikuwa nasemesha mukoa muzima. Sasa nisimame ku stade, nipige kelele kwa mutu mumoja? Batasema Kaumba ameharibika kichwa." Akafikiri kidogo. "Lakini nitakuja kukaa pembeni yako. Weye sema, mi nitakusaidia."

Jumapili uwanjani tulikaa upande wenye kivuli. Watu hawakuwa wengi, na vijana kadhaa walikuwa wakitazama mechi nyingine katika simu zao. Banza alisimama goli la gare, mrefu, mikono ikining'inia. Nilimpigia baba yake.

"Mpira umekwenda kushoto," nikasema.

"Kushoto ya nani?"

"Kushoto kwangu."

"Mi sikukaa kwako!"

Kaumba alinigusa ubavuni. "Sema gare, tata. Sema gare."

Nilisema gare. Lakini mimi nimefundishwa nisishuhudie jambo kabla sijawa na hakika nalo, na nilipokuwa na hakika, mpira ulikuwa umeshafika kwingine. Nikaanza kueleza jinsi Banza alivyodaka, huku watu wakishangilia jambo jipya.

"Tata Ramazani," ikasema simu, "we unatangaza mupira ya jana!"

Kaumba alicheka hadi akashika magoti.

Wakati wa mapumziko alasiri ilikuwa imeingia. Nilimpa Kaumba simu aishike, nikaenda kusali nyuma ya jukwaa. Niliporudi, mpira ulikuwa umeanza tena, na Kaumba alikuwa amesimama. Sauti ile ya redio ilikuwa inatoka yote kinywani mwake. "Banza sasa eko ku goli ya Mashamba! Jua iko mbele ya macho yake!" Vijana waligeuka, wengine wakaacha simu zao.

Karibu na mwisho mpira wa juu ulikuja kutoka pembeni. Banza alitoka mbio kuufuata, akapiga hewa, na mpira ukaingia golini nyuma yake.

Kaumba akafunika simu kwa kiganja.

"Tata, nimuambie namna gani? Mu redio sikuwa namuona anayenisikiliza. Huyu ni baba yake."

"Mwambie ulivyoona," nikasema. "Ndilo aliloomba."

Alimwambia yote, jua, mbio, mikono mitupu. Tukadhani simu imekatika.

"Tata Ngoie?" nikaita.

"Niko," akajibu. "Endeleeni."

Mechi ilikwisha kwa bao hilo moja.

Jumatatu nilirudi na Saidi, lori likiwa tupu. Njiani niliwaza kwamba redio ilipokuwa inatangaza, mema na mabaya yalimfikia kila mtu kwa pumzi moja, na hakuna aliyepaswa kuchagua cha kumficha mwenzake. Sasa kila mmoja huletewa habari na anayempenda, na anayekupenda hukupunguzia.

Nilimkuta Tata Ngoie kiwanjani, ameketi nyuma ya matofali ya Mashamba, ingawa siku zote hukaa kivulini upande wa gare.

"Mu mapumziko nilibeba kiti peke yangu," akasema. "Jioni Banza akapiga telefone: papa, tulicheza muzuri. Nikamuambia: ulitoka mbio sana, na jua ilikuwa mu macho. Akauliza: papa, nani alikuambia? Nikamujibu: mi nilikuwa nyuma yako."

"Naye?"

"Akaanza kunielezea ile bao. Alisema, alisema, mpaka mayunite yake ikaisha."

Wewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akuhifadhie masikio yako, na asikose kukupa mtu wa kukwambia ukweli na mtu wa kukaa nyuma yako unapokosea. Amina.