Paka wa Dari la Mbegu

Jana saa tisa na dakika ishirini alasiri, hapa kwangu Morogoro mjini, paka wangu mzee alimaliza dagaa wake, akajilamba, akazunguka meza, kisha akarudi kunililia kama aliyeshinda njaa. Nilicheka peke yangu. Nimewahi kumwona mwingine wa namna hiyo: paka wa bibi, kule kijijini Kinole, nilipokuwa darasa la nne.

Nyumba ya bibi ilinukia moshi, iliki na ndizi mbivu. Juu ya meko palikuwa na dari la mianzi, ambako mahindi ya mbegu yalitundikwa hadi msimu wa kupanda. Paka ndiye aliyeyalinda. Mwaka ule masikio yake yalikufa, miguu ya nyuma ikawa mizito, akashindwa kuruka darini. Mara nyingine alisimama akiutazama ukuta, kama aliyesahau kilichompeleka pale. Panya wakaanza kula mbegu.

Mjomba, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye kauli ya mwisho, alimtazama paka akasema, "Shikamoo, mstaafu! Mama, Jumapili namtia kwenye gunia, nampeleka ng'ambo ya mto."

"Basi nitie na mimi," bibi akajibu. "Tangu asubuhi natafuta miwani."

Miwani ilikuwa kichwani mwake. Mjomba alicheka, akatoa wiki moja.

Bibi alisema panya haulizi umri wa paka, akimnusa tu hukimbia. Kila jioni nilipanda ngazi na paka begani, nikamlaza juu ya kanga kuukuu katikati ya mahindi, asubuhi nikamshusha. Kwa kuwa paka alisahau kwamba amekula, bibi aligawa kichwa cha samaki mafungu matatu, ili kila akidai apate kidogo. Jioni ya kwanza nilihesabu mahindi mazima: sitini na moja.

Jumapili mjomba alipanda, akahesabu mwenyewe, mara mbili. Sitini na moja. Akamkuna paka kidevu. "Haya, bibi mkubwa, mkataba umeongezwa."

Paka alikufa masika yalipoanza, mbegu zikiwa tayari shambani.

Siku hizi nyumba ile ina jiko la gesi, dari halipo, na mbegu hununuliwa dukani kwa pakiti. Ni nafuu kwa kila mtu, sibishi. Ninachokosa ni uzito wa paka yule begani, ukipungua wiki hadi wiki, naye akikoroma kabla hatujafika juu.