Sanduku Namba Kumi na Saba

Watu wakisikia kwamba mke wangu aliwahi kulizunguka ziwa zima kwa meli, huniuliza, "Na wewe je?" Kwa miaka mingi nimekuwa nikijibu kwamba nilikuwa kazini. Si kweli. Nilikuwa likizo ya wiki mbili, na tiketi yangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani wa kupeleka chai katika kiwanda kimoja upande wa Kericho. Chai ikishapakiwa kwenye masanduku ya mbao nyembamba, yale yenye karatasi ya fedha ndani na ukingo wa bati, yalipita mbele yangu. Niliangalia alama ya shamba, aina ya chai, uzito na namba. Sanduku lisilo na alama halikupanda lori, hata kama aliyelileta ni rafiki yangu. Lori lilipeleka masanduku stesheni ya Lumbwa, na kutoka hapo treni iliyapeleka Mombasa. Kila nilipofuatana na lori nilisimama mbele ya tangazo lililobandikwa ukutani mwa stesheni: meli nyeupe, na mume na mke wamekaa kwenye viti vya kitambaa wakitazama maji. Ukianzia Kisumu, ungepita Musoma, Mwanza, Bukoba, uingie Uganda, na kurudi Kisumu kabla wiki haijaisha.

Siku niliyomweleza mke wangu alikuwa ametoka shambani kuchuma chai, vidole vyeusi kwa utomvu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani amekufa huko?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa. Ni kutembea tu."

Akakaa kwenye kiti cha miguu mitatu na kucheka peke yake. "Baba watoto, mimi tangu unioe nimesafiri kwenda matanga tu. Kwa watu wenu na kwa watu wetu. Nipeleke basi mahali hakuna mtu analia."

Niliahidi. Nilidunduliza mwaka mzima, nikanunua tiketi mbili za daraja la pili, chumba cha vitanda viwili, chakula kikiwa ndani ya nauli.

Ndipo tukaanza kuchanganyikiwa. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulala juu ya maji. Mtu hubeba nini? Baridi ya huko ikoje? Unaoga wapi? Nilichukua karatasi ya kiwandani yenye mistari nikaandika orodha, kesho yake nikaifuta, kesho kutwa nikaiandika upya. Nilikwenda kumuuliza mtunza stoo wetu, ambaye alizaliwa karibu na ziwa na kwa hiyo nilimhesabu kuwa nahodha.

"Omera, ndugu yangu," akaniambia, "blanketi nne za nini? Unataka kuwafunika samaki? Kule ni joto. Beba shati nyepesi na kofia, basi."

Fundi wetu wa kupigilia masanduku, mtu wa nyanda za juu za magharibi, akadakia kutoka alikokuwa na nyundo yake. "Usimsikize huyo. Yeye alivuka na mtumbwi kwenda kwa shangazi. Hii ni meli kubwa, bwana karani. Watu wanakula na uma. Bila suti watakupeleka ule na wapishi."

"Wewe umewahi kuiona?"

"Sijaiona, lakini nimeona picha."

Nami pia nilikuwa nimeona picha. Mume wa kwenye tangazo alivaa suti. Nikaenda Kiptere kwa mshonaji, nikashonesha suti ya kijivu, na mke wangu nikamshonea gauni la buluu lenye mkanda. Halafu, kwa sababu sikujua nimwamini nani, nikawaamini wote: suti, tai mbili, kofia, shati jepesi, blanketi nne, viatu vya kila mtu jozi mbili, taulo, birika, na majani ya chai yetu wenyewe nisije nikanywa ya wengine. Orodha ilikuwa yangu. Mke wangu sikumuuliza anataka kubeba nini, nikidhani kumshonea gauni kunatosha.

Yeye alikuwa na shughuli yake. Siku kumi kabla ya safari alichoma kijiti, akasugua kibuyu kwa mkaa, akatia maziwa yagande yawe mursik.

"Hiyo ni ya nani?" nikamuuliza.

"Sijui bado."

"Utabebaje zawadi kwa mtu usiyemjua?"

"Kwani nitazunguka maji yote hayo nisikutane na mtu?"

Vitu vyangu havikuingia kwenye sanduku letu la nguo. Nikaomba kiwandani sanduku moja la chai, jipya. Nilipanga mwenyewe, kila kitu kimekunjwa pembe kwa pembe, nikafunika kwa karatasi ya fedha. Nilitaka kutia na kibuyu, mke wangu akakivuta.

"Maziwa hayapigiliwi misumari," akasema.

Fundi akapigilia kifuniko, akafunga mikanda ya bati. Sanduku likawa zuri, lakini mbao zake zilikuwa tupu, na macho yangu hayakuzoea mbao tupu. Siku hiyo lori lilikuwa na masanduku sitini. Nikachukua brashi na wino, nikaweka alama ya shamba letu kama kwenye mengine yote, na chini yake nikaandika namba sitini na moja. Mtunza stoo alipita akaniuliza, "Sasa wewe unajiuza Mombasa?" Tukacheka wote.

Asubuhi mama yangu alikuja kuwachukua watoto. Alitutemea mate kidogo kifuani, jinsi wazee wetu wanavyobariki msafiri, akatuombea, na majirani wakatusindikiza hadi barabarani. Mke wangu alivaa nguo yake ya kawaida na sweta, kwa kuwa gauni la buluu lilikuwa la meli. Alikaa mbele na dereva, kibuyu mapajani. Mimi nilikaa kando yake, mlangoni. Sanduku letu lilikuwa la mwisho kupakiwa, liko mkiani kabisa, na nilijua kwamba likiteremshwa litakuwa la kwanza, niliweke kando.

Tulipofika Chepseon mvua ikatupiga. Dereva akasimamisha lori, yeye na vibarua wakahamisha masanduku ya mkiani kuyasogeza chini ya turubai. Mimi sikushuka. Nilikuwa namweleza mke wangu namna ya kushika uma.

Lumbwa tulikuta treni ya kuteremka Kisumu imekaribia. Nikawa na mambo mawili kichwani, kazi ya lori na safari yangu. Vibarua wakateremsha sanduku la kwanza, nikalisukuma kando kwa mguu: hilo langu. Kisha nikasimama mlangoni mwa behewa la chai na kuhesabu, sanduku kwa sanduku, mpaka sitini. Yalitimia. Nikatia sahihi. Nilihesabu, sikusoma. Miaka minane nilikuwa nimesoma alama za masanduku ya watu wengine, na siku ya sanduku langu mwenyewe sikuinama kuangalia.

Mchukuzi wa Kisumu ndiye aliyenishtua. Alilibeba mpaka gatini akalitua kwa kishindo. "Mzee, umebeba mawe?"

Ndipo nikaangalia. Namba kumi na saba.

Nililizunguka sanduku lile mara mbili, kana kwamba upande wa pili lingekuwa na namba nyingine. Nilikumbuka wazi nikiandika sitini na moja. Nikafikiri labda wino umefutika kwa mvua, lakini wino unaofutika haugeuki ukawa namba nyingine. Mwishowe nikaazima chuma, nikanyanyua kifuniko, nikapasua karatasi ya fedha. Chai. Imejaa mpaka juu, nyeusi, kavu, inanukia. Suti yangu, gauni lake, blanketi nne na birika vilikuwa njiani kwenda mnadani Mombasa.

Watu wakaanza kukusanyika. Mwanamke mmoja muuza samaki akasema, "Wa Kericho wameleta chai yao kwa meli, wanaogopa ya wenzao!" Kila mtu akacheka, na mke wangu naye akacheka. Mimi sikuweza. Meli ilikuwa pale mbele yetu, nyeupe kuliko ya kwenye picha, na abiria walikuwa wakipanda ngazi. Nilimwona mwanamume amevaa suti.

"Tunarudi," nikamwambia mke wangu.

"Tunarudi wapi?"

"Nyumbani. Hii ni chai ya kiwanda. Nikionekana nayo hapa watasema nimeiba."

"Stesheni si wana stoo? Waachie, waandikie barua. Wewe ndiye unaandika barua zote za kiwanda."

"Na nguo?"

Akajitazama. Akanitazama. "Si tumevaa?"

Nilimwambia maneno mengi. Nikasema kazi, nikasema wizi, nikasema meneja. Alingoja nimalize.

"Baba watoto, ni chai ama ni suti?"

Nikasema ni chai.

Leo naandika ukweli. Mkuu wa stesheni ya Kisumu alikuwa ananifahamu kwa sahihi yangu kwenye hati za chai, na angeipokea chai ile bila neno. Nililijua hilo nikiwa nimesimama palepale. Kilichonizuia kilikuwa shati langu lenye jasho na suruali yenye matope ya Chepseon. Nilimwona mtumishi wa meli akinitazama toka juu hadi chini, akinionyesha mlango wa wapishi. Hakuwa amenitazama bado, maana hata ngazi sikuikaribia. Nilimtengeneza mimi mwenyewe kichwani.

Karani wa gati akaita. "Mzee, mnapanda ama hampandi? Tunatoa ngazi."

Mke wangu akanyoosha mkono. "Nipe tiketi yangu."

"Utaenda peke yako?"

"Nimeaga watu. Mama ametutemea mate, majirani wamenisindikiza hadi barabarani. Kesho nikutane nao mtoni nikiwa nimerudi, niwaambie nini? Nimerudishwa na suti?"

Nilichanganyikiwa hata mkono wangu ulitoa tiketi kabla sijaamua. Nikampa na pesa zilizokuwa mfukoni, nikabaki na nauli. Akafunga kitambaa chake kichwani upya, akapakata kibuyu, akapanda ngazi na viatu vyake vya kwenda sokoni. Hakuna aliyemwonyesha mlango wowote wa wapishi. Mtumishi mwenye koti jeupe alimpokea kibuyu kwa mikono miwili, akamwonyesha njia. Juu akageuka kunitafuta. Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku namba kumi na saba, na nadhani hata pale alinipa nafasi, kwa sababu alisimama muda mrefu. Nilimpungia mkono. Jua lilikuwa bado halijazama meli ilipoondoka.

Nilirudi na chai yangu. Meneja alicheka mpaka akatoa miwani, akaagiza iingie kwenye mzigo unaofuata, na hakulizungumza tena. Kwa mama nilisema nimeitwa kazini. Siku zile nilikaa nyumbani sijui la kufanya na mikono yangu. Nilikuwa likizo ya safari isiyokuwepo.

Nilikwenda kumpokea Kisumu. Aliteremka na kibuyu kitupu na uso uliochomwa na jua. Alikuwa amekunywa mursik na mwanamke mmoja aliyekuwa akienda Bukoba, wakizungumza Kiswahili cha kuokotaokota. Aliwasimulia watoto mengi: maji yasiyo na ng'ambo, ndizi za kuchoma, taa za Mwanza, kitanda cha juu na cha chini. Nami nikiuliza jambo, alijibu vizuri, kwa kifupi, kama mtu anayejibu mgeni. Kuna mambo aliyoyakumbuka akatabasamu, na hapakuwa na mtu wa kumgeukia.

Sanduku langu lilirudi kutoka Mombasa baada ya mwezi na zaidi, mtu ameandika juu yake kwa chaki, "Nguo." Suti ilinukia chai. Mke wangu alilitoa gauni la buluu, akalikung'uta, akalivaa kwenda kuchuma chai mpaka likachakaa. Nilimwahidi kwamba mwaka utakaofuata tutakwenda wote. Mwaka uliofuata paa lilivuja, uliofuata tena mtoto aliingia sekondari, kisha nchi zetu tatu zikakosana, mipaka ikafungwa na meli ikaacha kuzunguka.

Tulikuwa wazee tayari aliponiambia jambo moja ambalo hakuwa amelisema. Tulikuwa tumekaa nje asubuhi tukichagua maharagwe, nami nikamuuliza, kwa mara ya kwanza bila kujitetea, kule melini alikuwa akila na nani.

"Chumba kilikuwa cha watu wawili," akasema, bila kuinua macho kwenye ungo. "Kwa hiyo meza waliandaa ya watu wawili. Walikuwekea sahani, uma na kisu. Na glasi. Siku ya kwanza nikala nikiitazama. Ya pili pia. Nilifikiri labda utatokea Musoma, sijui kwa njia gani."

Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharagwe.

"Siku ya tatu nikamwambia yule wa koti jeupe aiondoe."