Siku Paulina Alipokataa Kuwasha Kombaini

Mama alinituma nikamlete mdogo wangu Paulina, kwa kuwa kaka yetu alikuwa anaoa. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia majirani. Yangu mwenyewe ilikuwa nyingine: nilitaka kukiona kwa macho yangu kile alichonizidi. Miaka ile walipokuja kuchagua vijana wa kujifunza mitambo kwenye mashamba ya ngano ya serikali, mama alikuwa mgonjwa, na binti mkubwa ndiye anayebaki kuuguza. Akaenda Paulina. Tangu hapo picha yake akiwa amevaa ovaroli imetundikwa ukutani, na kila mgeni huonyeshwa kabla hajapewa chai.

Asubuhi niliondoka Dongobesh juu ya lori la mahindi. Baridi ya kwetu ilipungua kadiri tulivyoteremka, vumbi likaanza. Kando yangu aliketi mzee mfugaji wa Kibarbaig. Nilimwamkia, akaitikia. Baada ya mwendo mrefu ukatokea mlima Hanang, na chini yake ngano mpaka macho yanachoka.

"Unakwenda huko?" akauliza.

"Ndiyo, mzee. Mdogo wangu anaendesha mashine."

"Hapo ng'ombe wangu walikuwa wanakula majani," alisema, akatazama upande mwingine.

Jioni nilifika kambini. Paulina alinikimbilia. "Shikamoo, dada!" Mikono yake ilinuka dizeli. Alikuwa na chumba chake, na ufunguo wake. Alinipa kitanda, yeye akalala chini, na hata wema huo uliniuma.

Kulipokucha nilimfuata shambani. Kombaini, mashine ya kuvunia ngano, ilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakichovya tena, akakitazama kwa muda mrefu.

"Oili imepanda," akasema. "Jana mchana ilikuwa kwenye alama. Oili haizaliani, dada. Ikipanda, kuna kitu kimeingia ndani, maji au dizeli. Nikiwasha hivi, injini inaweza kufa."

Msimamizi wake, Bwana Tluway, alikuwa akiyatazama mawingu juu ya mlima. "Ingekuwa imepungua ningekuelewa. Sasa imezidi, unalalamika nini? Washa, binti. Mvua ile pale."

"Siwashi, mzee, mpaka fundi aione."

Fundi alikuwa shamba jingine, na mpaka anafika jua lilikuwa limepanda sana. Wanaume walikaa kwenye kivuli cha trela wakimsema Paulina kwa sauti ya kusikika. Mimi nilisimama karibu naye kama dada, na moyoni niliomba awe amekosea.

Fundi aliingia chini ya injini, akalegeza nati ya kumwagia oili. Maji hukaa chini, kwa hiyo yangekuwamo yangetangulia kutoka. Ikatoka oili tupu. Akainusa: haikuwa na dizeli. Ndipo akaitwa Qamara, dereva wa zamu ya jioni, akaeleza kuwa usiku uliopita aliipima mara tu alipozima injini, kabla oili haijateremka yote. Akaona ni kidogo, akaongeza.

"Basi hakuna ugonjwa," fundi akasema. Walipunguza oili mpaka kwenye alama, wakawasha. Kombaini haikufika hata katikati ya shamba mvua ikashuka, na ngano iliyolowa haivunwi.

"Kuanzia kesho utakuwa karakana," Bwana Tluway alimwambia Paulina. "Utaosha vichujio."

Nilikuwa nimepewa nilichoomba. Nikasubiri furaha ije.

Paulina alisimama mbele ya wanaume wale wote, ovaroli likichuruzika maji. "Nimekosea, mzee. Ningemuuliza Qamara kwanza. Lakini nikiikuta imepanda tena bila kujua sababu, sitawasha."

Hakulia wala hakuomba. Bwana Tluway alimtazama, akaondoka.

Usiku ule wivu wangu haukuisha, ulihama tu. Ovaroli na ufunguo sikuvikumbuka tena. Niliwaza kwamba mimi sijawahi kuaibika mbele ya watu, kwa kuwa sijawahi kukataa neno lolote mbele ya watu.

Kesho yake nilirudi peke yangu. "Nikiondoka sasa watasema nimekimbia," Paulina aliniambia. "Mwambie kaka anisamehe."

Njiani nilishukia Gitting kwa shangazi. Nilimwamkia, akanikaribisha ugali na maziwa, kisha akauliza, "Mdogo wako bado anaringa na mashine zake?"

"Ameondolewa kwenye mashine, shangazi. Anaosha vichujio."

Shangazi akacheka. "Basi arudi nyumbani, mfanane."

Kwa miaka mingi nilikuwa nimengoja mtu aniambie neno hilo. Nilipolisikia, nikasogeza sahani kando.

"Hatufanani," nikamjibu. Kwa macho yangu nilikuwa nimemwona Paulina akishushwa cheo, na bado nilimwonea wivu.