Mwenye Masharubu Ukutani kwa Kamate

Si kweli kwamba Kamate alimpenda Mzungu wa ukutani kuliko baba yake. Wanaosema hivyo sokoni Musienene hawakuiona mikono yake.

Kamate alikuwa seremala wa Mulekera, mjini Beni. Baba yake Sikuli, katekista, aliachiwa mchoro ule na padri Mpolandi aliyekuwa akirudi kwao kuzeeka. Ulichorwa kwa rangi za mafuta katika karne ya kumi na tisa: mwanamume mwenye masharubu na koti jeusi. Padri mwenyewe hakujua ni nani. Sikuli alipofariki, Kamate alichonga fremu mbili za libuyu, mbao nyekundu ngumu, moja ya mchoro, moja ya picha pekee ya baba yake. Alijisifu kwamba hata kwa kupapasa usingezitofautisha.

Nyumba za mtaa zilichomwa na waasi adhuhuri, zikiwa zimebaki siku tisa tu kabla ya ukumbusho wa Sikuli. Katika ukoo wao mtoto wa kwanza huingia ukumbushoni na picha ya baba, kisha huketi kwenye kiti cha marehemu kama mkuu wa nyumba. Asiye na picha hana kiti. Kwa hiyo wachomaji walipokwisha kupita, Kamate aliingia motoni. Moshi ulimfumba macho. Alipapasa ukuta upande wa dirisha, mahali pa picha ya baba yake, akatoka na fremu kifuani, ngozi ya vidole ikibaki kwenye mbao. Alipofuta masizi, akamkuta yule mwenye masharubu.

Ukumbusho ulifanyika Butembo. Agar, mama yake, alimwamuru aingie na mchoro huo vilevile, mbele ya ukoo mzima.

“Kamate, baba yako aligeuka mweupe tangu lini?” Ézéchias, mdogo wake, akauliza. Watu wakacheka.

“Ni moshi, mama. Sikuona kitu.”

“Hapana moshi! Sikuli ameungua, wewe ukaokoa muzungu. Basi huyu ndiye baba yako. Umusalimie.”

“Mama, lakini batu wanaangalia…”

“Baangalie! Salimia!”

Akausalimia mchoro, bandeji mikononi. Agar akamtemea mate, kisha akamwonyesha Ézéchias kiti.

Vile vidole havikushika randa tena. Kwa miaka sita, kila asubuhi, mama alimwuliza, “Umesalimia baba?” Naye alisalimia. Mwaka jana Kamate alipokufa, Agar aliulaza mchoro juu ya jeneza. “Waende pamoja,” akasema, na hakulia.

Ukweli ni huu. Wiki ya moto ule ukuta ulikuwa umepakwa chokaa, na aliyezirudisha picha alitundika kila moja mahali pa mwenzake. Kamate alijua ni mkono wa nani. Hakuutaja, hata mate yalipomshuka shavuni, na mwenye mkono huo alikula naye sahani moja mpaka mwisho.

Jina hilo haliandikwi hapa. Mlango wa nyumba hii ninamoandika usigongwe tena kwa habari hiyo.