Yai la Kwanza la Zambarau

Jirani yangu humenya mayai ya kuchemsha kwa kidole gumba, akiimba nyimbo za kanisa kwa Kijerumani cha mababu zetu wahamiaji, lugha inayokufa. Siku hizi watu wa hapa Lancaster hununua chakula cha sherehe nzima dukani. Yeye bado huloweka mayai kwenye siki: mekundu kwa bitiruti, ya njano kwa bizari ya manjano. Kwa harusi ya mjukuu wake alijaribu kabichi nyekundu, inayotoa zambarau.

"Zambarau? Wageni watadhani yameoza!" nilimwambia.

"Elam, nuna baadaye."

Rangi ikifika kwenye kiini, yai limeharibika, na sinia zima ni la kutupa. Alipasua la kwanza, wimbo ukakatika. Ukingo wa zambarau, weupe, kisha kiini cha njano safi. Akakiponda na haradali, akalijaza yai tena, akanilisha. Nikaomba la pili.