Hajiri Aliondoka na Mtoto Wake

Wahubiri wa kwetu wakifika kwa Hajiri huongeza mwendo. Kwa Ibrahimu wanakwenda taratibu, wanasimama, wanafuta jasho. Wakifika kwa yule kijakazi aliyetolewa nyumbani pamoja na mwanawe, wanapita kama mtu wa baiskeli anayepita kwenye mji wenye mbwa wakali. Mwaka jana akina mama wa kanisa letu hapa Bariadi waliniomba niwafundishe somo juu ya maisha yake, kwa kuwa, walisema, nasoma vizuri. Nilikwenda nikafundisha kwa hasira. Nadhani hawataniomba tena.

Hasira hiyo ninayo tangu nikiwa msichana wa shule ya msingi, kijijini kwetu upande wa Shishiyu. Mama yangu alikuwa mke wa pili wa baba. Mama mkubwa, mke wa kwanza, alikuwa na nyumba yake, mama na mimi tulikuwa na yetu, na zizi la ng'ombe lilikuwa katikati. Sisemi kwamba tuliishi peponi. Wake wawili ni wake wawili. Lakini mvua zikianza walipanda pamba pamoja, na mmoja akiugua mwenzake alipika.

Aliyelileta kanisa katika mji wetu ni mama. Alianza kwenda peke yake, akajifunza kusoma ukubwani ili aisome Biblia, na Jumapili jioni alitusomea huku baba akijifanya anachonga mpini wa jembe. Alimpenda Hajiri kuliko wote. Siku moja alisoma jinsi Ibrahimu alivyoamka asubuhi akamtwisha mkate na kiriba cha maji, akamwacha aende zake jangwani na mtoto. Mama akafunga kitabu.

"Mzee mwenye ng'ombe wote wale," alisema, "na ngamia, na punda. Hata punda mmoja wa kumbebea mzigo hakutoa?"

Baba alicheka mpaka akaweka panga chini, nasi tukacheka naye.

Halafu likaja soko huria. Chama cha ushirika kilichokuwa kikinunua pamba yetu kikazimika, wanunuzi wakaanza kuingia na malori kutoka kila upande, kila mmoja na mizani yake na ujanja wake. Wakulima walipunjwa mpaka wakachoka, nao wakajifunza kuimwagia pamba maji na kuitia mchanga iwe nzito. Tajiri mmoja akamwomba mchungaji wetu amtafutie mtu mwaminifu wa kushika mizani pale kijijini. Mchungaji akamfikiria baba, na kwa haki baba alistahili. Ila mchungaji hakutaka kumpendekeza mtu asiyebatizwa, na kanisa halikumbatiza mwanamume mwenye wake wawili.

Basi baba yangu, aliyekuwa akichonga mpini miaka yote ile, akaisikia sauti ya Mungu pamba ilipokaribia kupasuka.

Mama aliitwa mbele ya wazee wa kanisa. Mimi nilikuwa nje, chini ya dirisha, na mengi niliyasikia. Mchungaji alikuwa mtu mpole, mgeni, aliyetoka mkoa mwingine. Alimweleza kwamba roho ya mume wake imesimama mlangoni, na yeye ndiye aliyeshika komeo. Hakumlazimisha. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Alimwuliza tu kama yuko tayari kujitoa kwa ajili ya wokovu wa mume wake, na mama akasema anakubali. Wakaomba, wakaimba. Nilimwona akitoka amejifunga kanga kichwani vizuri sana, kama mtu anayekwenda arusini.

Hakujua alichokifanya, au alijua na hakutaka kukitazama. Kwetu, mwanamume akimfukuza mke asiye na kosa hana sauti mbele ya wazee wa ukoo. Ng'ombe wa mahari amewapoteza, na mara nyingi mtoto huachiwa mama yake. Lakini mke akiondoka kwa hiari, ng'ombe wanarudi kwa mume, isipokuwa wale wanaokatwa hesabuni, wakabaki ukweni, kwa ajili ya mtoto, na mtoto aliyekatiwa ng'ombe ni wa baba. Huo ni utaratibu ambao hata watoto wanaochunga wanaujua. Mama alimpa Mungu neno lake. Hakufikiri kwamba lingefika zizini.

Mjomba, kaka yake mama, alikuja kutoka Bukundi siku ya kikao cha ukoo. Alisalimia, "Mwangaluka," akakaa kwenye kigoda akiwa na uhakika wote. Alisema dada yake amefukuzwa bila kosa, na amekuja kumchukua pamoja na mtoto. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu.

"Sijamfukuza, shemeji," baba alisema. "Amekubali mwenyewe. Mchungaji huyu hapa, muulizeni."

Mchungaji akasimama, akasema ukweli. Ndiyo, mama alikubali kwa moyo wake, hakuna aliyemshurutisha. Akaongeza kwamba ni ushuhuda mkubwa, na kwamba Mungu atamlipa. Maskini, alidhani anamsifu. Wazee wa ukoo wakatazamana.

Mjomba akamgeukia mama. "Dada, ulisema hivyo?"

"Nilimwambia Mungu."

"Mungu hana zizi hapa!"

Kikao kikaamua kwamba mama ameondoka kwa hiari. Kama mjomba angeweza kurudisha ng'ombe wote, hata wale wa kukatwa, mimi pia ningekwenda. Hakuwa nao, alikuwa ameshaoa kwa ng'ombe haohao. Akabaki kutafuta wa kurudisha, nami nikabaki kwa baba. Nilipiga kelele siku ile mpaka sauti ikakauka, na hakuna mzee hata mmoja aliyegeuza shingo.

Mama aliondoka asubuhi. Baba alimpa mahindi, na nadhani ile hadithi aliikumbuka, maana alitoa na punda wa kubeba mzigo. Alitaka aonekane bora kuliko Ibrahimu. Lakini Hajiri, pamoja na shida zake zote, aliondoka na mtoto wake.

Baba alibatizwa, akapewa mizani, na hakumpunja mtu. Wakulima walitoka mbali kumletea pamba. Ile aliyoipalilia mama tuliichuma mama mkubwa na mimi. Katikati ya shamba mama mkubwa alikaa chini akalia, akaniomba nisimwambie mtu. Jumapili tuliketi benchi la mbele, familia ya mfano. Nilikuwa namchukia baba, namchukia mchungaji, na nyimbo nilizipenda bado, jambo lililozidi kunikera.

Hayo ndiyo niliyowafundisha akina mama wa Bariadi. Niliwaambia Hajiri alimpa Mungu jina, akamwita anayeona, na hilo naliamini. Sijaacha kusali hata siku moja, ingawa nasali nimekunja uso. Lakini mara ya kwanza alipokimbia mateso, aliambiwa arudi kwa bibi yake akanyenyekee, na neno hilo bado limenikwama kooni. Niliwaambia pia kwamba watu wakishajua Mungu anaona, wao huona ruhusa ya kufumba macho. Mmoja wao alikohoa, mwingine akaangalia saa.

Sikuwaambia nilichosikia Bukundi. Nilipokuwa mtu mzima, nimeshaanza kazi, nilikwenda huko kumtembelea mama. Hakuolewa tena. Kanisa hakuliacha. Nilimkuta anapepeta uwele, nikakaa karibu naye, na baada ya kuulizana habari za nyumbani nikashindwa kujizuia.

"Mayu, kwa nini ulisema unakubali?"

Aliendelea kupepeta kidogo, kisha akashusha ungo.

"Kwa sababu ya Isaka," alisema. "Baba yake alishakubali, kisu kiko mkononi, ndipo akazuiwa. Mimi nilijua ndivyo inavyokuwa. Mtu akikubali, anazuiwa. Basi nikasema nakubali, nikainamisha kichwa, nikangoja mmoja wao aniambie, basi, mama, imetosha, rudi kwa mwanao."

"Wakasemaje?"

"Wakasema amina."