Mdudu niliyempa jina la mama, na rafiki aliyekuja kulifuta

Wakuu, salamu kutoka Butembo. Mvua imenifungia ofisini, umeme upo kwa bahati, nikaona leo nikitoe hiki kitu kifuani. Sitaongeza chumvi. Mahali ninapoonekana vibaya nitapaacha hivyo hivyo.

Kiswahili changu ni cha Kongo, na Kifaransa kitaingia humo humo. Mtanivumilia: kwetu "njo" ni "ndiyo", na "mais" ni "lakini".

Mimi ni assistant kwenye chuo kimoja cha kilimo hapa mjini. Kazi yangu ni wadudu. Si mambo ya dawa za kuwaua, hapana. Kazi yangu ni kujua huyu ni nani, ndugu zake ni akina nani, anakaa kwenye ukoo upi, na kama hana jina, kumpa.

Hasa wale tunaowaita charançon. Kwenye vitabu vya Kiswahili ni fukusi. Mnawajua, kale kadudu kenye mdomo mrefu kama mkonga wa tembo ambako mnakakuta kwenye mahindi yaliyokaa sana. Wa msituni ni wengi kuliko wa kwenye gunia, na wengine hakuna mtu amewahi kuwaandika.

Sasa nianze na Kasereka.

Tulisoma naye tangu mwaka wa kwanza, tukakaa chumba kimoja, tukala kwa mama yangu. Ikatoka bourse moja, ufadhili wa masomo, ya kwenda kufanya thèse ya udaktari kwenye musée, yaani makumbusho, huko Ulaya, kwenye mambo haya haya ya charançon. Tukaomba wote wawili.

Akapata yeye.

Siku hiyo sikukasirika, ni kweli. Nilimsindikiza mpaka Beni akapande ndege, tukala bugali na sombe, yale majani ya muhogo, pale mtaa wa Mulekera, tukacheka, nikambebea valizi.

Wivu ulianza na picha.

Alikuwa ananitumia picha za droo. Wakuu, droo kuanzia sakafuni mpaka juu, za kioo, safi, na ndani wadudu wamepangwa kwenye pini kama askari kwenye gwaride. Ukivuta picha unasoma vikaratasi vyao: Beni. Lubero. Wadudu wa kwetu, walioondoka huku kabla baba zetu hawajazaliwa! Na Kasereka amewainamia na taa nyeupe ambayo haizimiki.

Mimi huku wadudu wangu wako kwenye makopo ya biskuti. Ukungu unakula upande mmoja, sisimizi upande wa pili.

Nilikuwa namjibu "félicitations mon frère", yaani hongera ndugu yangu, halafu naigeuza simu uso chini.

Na nyumbani hakukuwa na nafuu. Mama anaishi nami hapa mjini, mtaa wa Mususa, tangu usalama ulipoharibika kwao Kasugho. Kila Jumapili tukitoka misa:

"Kasereka anakula muzuri kule? Ile baridi haimuumize?"

Mimi hakuniuliza kama nakula vizuri. Ni kweli yeye ndiye anayenipikia, mais bado.

Tuendelee.

Wakati mmoja njia ilipotulia nilienda Kasugho, na pembeni ya shamba la mama, pale msitu unapoanzia, nikapata charançon kwenye kamba za msituni, ile mimea inayopanda miti, zilizoanza kufa. Mweusi, mistari ya njano mgongoni, mdomo mwembamba unaokaribia urefu wa mwili mzima, miguu myembamba pia. Nikakusanya wachache. Nikasoma kila article, makala za kitaalamu, niliyoweza kuipata kwa internet yetu hii.

Hakuna aliyefanana naye.

Nikaandika maelezo yake, nikachora, nikatuma kwenye jarida dogo, wakakubali. Na jina nikampa la mama. Mama anaitwa Kavira, basi mdudu kwa Kilatini akawa kavirae, maana yake "wa Kavira".

Mama alisimulia parokia nzima. Wamama wenzake wakaanza kumsalimia "Mama Kidudu". Anajifanya kuchukia, lakini nilimwona anavyotembea.

Na article nikamtumia Kasereka haraka sana. Nilitaka na yeye aigeuze simu uso chini.

Alinijibu kwa audio ndefu, amefurahi kweli kweli. Hiyo nayo iliniudhi.

Ikapita miezi. Siku moja akapiga.

"Kambale, uko peke yako?"

"Niko ku bureau. Sema."

"Niko na kitu hapa mu tiroir. Sijue nikuambie namna gani."

Kulikuwa na wadudu wa zamani kwenye droo, waliookotwa upande wa Beni enzi za wakoloni, wote madume. Mzungu mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga huku aliwapa jina linalomaanisha "mwenye mikono minene", kwa sababu miguu yao ya mbele ni minene na ina jino. Kwa sababu ya hiyo mikono akawaweka kwenye ukoo fulani, na wamekaa humo mpaka leo.

Kasereka alikuwa amempasua mmoja chini ya binoculaire, ile darubini ya mezani. Ndani hafanani kabisa na ukoo ule. Ila magamba, mistari, mabawa, alikuwa ameviona mahali. Kwenye michoro yangu.

"Naona hii ya hapa ni dume, na yako ni jike," akasema. "Ni mududu moja."

Kuna mkuu ataniuliza shida iko wapi hapo. Shida ni sheria yetu: mdudu mmoja, jina moja, na la zamani ndilo linashinda. Ni kama kiwanja chenye hati mbili. Hata kama aliyetangulia aliandika akiwa amekaa kwenye kiti Ulaya, ametangulia.

"Kama njo vile, jina ya mama inaanguka," nikamwambia.

"Njo vile."

"Na weye unafurahi."

"Kambale. Miye nilikula ku meza ya mama yako."

Nikakata simu.

Wakuu, nilichemka. Huyu mtu ana musée. Ana droo, ana taa, ana visa. Katika dunia nzima ya wadudu mimi nilikuwa na jina moja tu, na hilo ndilo alilokuja kulichukua.

Nikaamua kumwonyesha kwamba amekosea. Wale niliokuwa nao wote walikuwa majike kweli, kwa hiyo kazi ilikuwa rahisi kuitaja: nipate dume wa kwangu mwenye miguu myembamba. Nikimpata, madume yake yenye mikono minene ni mdudu mwingine, na jina la mama linabaki.

Nikangoja mpaka wasafiri waseme njia iko shwari. Mama akasema na yeye anakwenda, kuona maharagi yake. Tukapanda moto mbili, pikipiki. Matope yale ya kuelekea Kasugho sitayaelezea, anayeyajua anayajua.

Siku ya kwanza nilipata majike tu. Kesho yake asubuhi nikarudi kwenye zile kamba, polepole, natafuta jani kwa jani.

Nikawaona wawili pamoja.

Jike chini, ameingiza ule mdomo mrefu kwenye kamba, anatoboa mahali pa kutaga. Na juu yake amepanda mwingine, amemkumbatia ili dume mwingine asimsogelee. Amemkumbatia kwa mikono minene yenye jino.

Nilisimama pale muda mrefu. Nilitafuta kila sababu. Labda amekosea mke, nilijiambia, wadudu wanakosea. Nikasogea mbele kidogo, nikakuta jozi nyingine, vile vile.

Kilichoniuma zaidi hata si jina. Ni kwamba mimi nilikuwa na buti msituni kwetu na sikukiona. Yeye alikiona akiwa amekaa, kwa wadudu waliokufa zamani.

Hakuna mtu angejua. Ningewapuliza wakaanguka kwenye majani, nikarudi Butembo na majike yangu. Niliangalia ile jozi, nikafungua chupa ya alcool ya kuhifadhia wadudu, nikawaingiza wote wawili.

Mama akaja na jembe begani.

"Umepata?"

"Nimepata. Mais hapana ile nilikuwa natafuta." Nikamweleza tukiwa tumekaa kwenye gogo. "Mama, jina yako itatoka ku ule mududu."

Akakwangua udongo kwenye jembe kwa jani, taratibu.

"Ni Kasereka njo ameona?"

"Ni yeye."

"Na ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Miye sikukuombaka hiyo jina. Kidudu ya kutoboa-toboa. Ungenipa kipepeo, sawa." Akasimama, akarudisha jembe begani. "Mais bale bamama ba kanisa, utabaambia weye. Miye siende kusema."

Nikajua imemgusa.

Nilimpigia Kasereka nikamtumia picha. Akaniuliza mara mbili kama walikuwa hai. Tukaandika article pamoja: kumtoa mdudu kwenye ule ukoo wa uongo na kumweka kwa ndugu zake halisi, kueleza dume na jike, na kuandika mmea anaokula. Jina lake likaanza, langu likafuata. Nilijaribu kubishana. Akasema droo zote zile alizifungua yeye, nikakubali.

Ila sentensi moja aliiacha wazi. Ile inayosema kwamba kavirae ni jina lililokuja nyuma na halitumiki tena.

"Hiyo siwezi kuandika," akasema. "Ni jina ya mama. Andika weye."

Nilidhani ananidhihaki. Nikaona wivu unanipanda tena, kwamba hata wema anataka kunishinda. Ni mstari mmoja tu, wakuu. Ulinichukua mchana mzima. Nikauandika.

Halafu akaomba nimtumie ile jozi ikae musée.

"Hapana," nikasema. "Hii inabaki Butembo. Mutu akitaka kuiona, akuje."

Nilitegemea vita. Akacheka, akasema, "Andika vile ku article." Na imeandikwa vile.

Parokiani nilikwenda mwenyewe nikawaeleza wamama. Walinisikiliza kwa heshima, na Jumapili iliyofuata wakamsalimia vile vile, Mama Kidudu. Sheria ya majina ya Kilatini haiwahusu.

Mwezi huu Kasereka amekuja likizo. Kitu cha kwanza, kabla ya kuoga, alikuja chuoni kuona ile jozi. Ufunguo wa kabati ninao mimi. Alisimama pale mlangoni, amevaa koti zuri, akaniomba ruhusa.

Sikufungua haraka. Nilipekua mifuko kwanza, ya suruali, ya shati, na ufunguo nilikuwa nimeushika mkononi. Akaniona, akangoja.

Nikafungua. Tukainama wote wawili.

Wivu haujaisha, nisiwadanganye. Akinitumia picha ya droo bado kuna kitu kinanichoma. Ila nimejifunza hivi: wivu unaweza kukupandisha moto, ukavuka nao matope mpaka msituni, na pengine bila huo usingeenda. Ukishafika, lakini, lazima uandike kilichopo pale, hata kama kimempendelea mwenzako.

Nawasoma, wakuu. Kuna ambaye amewahi kuweka sahihi kwenye kitu kinachompa rafiki yake haki na kumnyang'anya yeye? Na ule urafiki, uko wapi leo?